INJINI INA GAVANA, HESABU HAINA



Katika kila gereji ya nchi hii kuna Bunge la pili. Halina Spika wala posho, hukutana saa nne wakati wa chai, na wajumbe wake hukaa juu ya magurudumu yaliyokwisha. Humo husemwa habari za siasa, za sheria na za motokaa, na mara nyingi mambo hayo matatu ni jambo moja. Sisi tuandikao ukurasa huu tumekaa katika Bunge hilo miaka mingi, mikono ikiwa na grisi, na leo twataka kuwaletea maneno ya humo, kwa sababu yanawahusu wafanyi kazi wote, hata wale ambao hawajapata kushika usukani. Maana asiyeendesha matatu huipanda, na asiyeipanda huivukia barabara mbele yake.

Tuanze na jambo lililotokea. Miezi michache iliyopita tuliletewa matatu ya viti kumi na vinne, uso wake umebonyea mpaka kwenye rejeta. Dereva wake twamjua. Ni kijana mwangalifu, hana mchezo na pombe. Siku hiyo alianza kazi saa kumi alfajiri, na saa tatu ya usiku alikuwa bado yuko njiani akitafuta safari mbili za mwisho. Alilala. Hakuwa akishindana na mtu, wala hakuwa akipita magari kwenye kona. Alilala tu, kama mtu yeyote anavyolala akichoka. Gari likaacha lami likagonga kalvati. Kondakta aliyekuwa amesimama mlangoni akavunjika mguu mahali pawili. Abiria walipona, na kwa hilo twamshukuru Mungu.

Kesho yake dereva alikuwa mikononi mwa polisi. Siku ya tatu tajiri wa gari alikuja kuuliza litakuwa tayari lini, kwa sababu alikuwa amekwisha pata dereva mwingine. Tulipomwuliza habari za kondakta alijibu, "Yule simjui. Aliletwa na dereva." Kondakta huyo alikuwa amefanya kazi katika gari lile mwaka mmoja na zaidi.

Siku hiyo Bunge letu lilikuwa na kelele. Mmoja alisema wafungwe. Mwingine alisema Serikali ilete gavana mpya isiyoweza kuchezewa. Mzee wetu wa kupiga panel alisema kila dereva apimwe kichwa kabla ya kupewa leseni. Wote walitaka sheria kali zaidi, na hapo ndipo sisi tulipokataa. Sheria hazikupungua. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilianza kazi Januari 1954, wakati wa Wakoloni, na tangu hapo imetiwa viraka kama shati la fundi. Kiraka kimoja, kifungu cha 66A kilichoongezwa mwaka 2012, chasema kwamba mtu asiendeshe gari la abiria au la biashara zaidi ya saa nane kwa jumla katika muda wa saa ishirini na nne. Saa nane! Dereva wetu alikuwa katika saa ya kumi na saba. Je, ni askari gani katika nchi hii aliyewahi kusimamisha matatu akamwuliza dereva, "Wewe umeanza kazi saa ngapi leo?" Huulizwa leseni, huulizwa bima, huulizwa mikanda, tena huulizwa mambo mengine yasiyoandikwa popote. Saa za kazi hakuna anayeziuliza.

Basi tuseme kwa nini hakuna anayeziuliza, na kwa nini dereva mwenyewe hataki kuulizwa. Neno lenyewe ni hesabu.

Wale mnaofanya kazi katika viwanda na maofisi huenda hamjui vizuri jambo hili, kwa hiyo tulieleze. Dereva wa matatu kwa kawaida halipwi mshahara. Tajiri humpa gari asubuhi na kumwambia, "Nataka kiasi hiki jioni." Kiasi hicho ndicho hesabu. Mafuta ni juu ya dereva, na stegi, na kuosha gari, na faini. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho chakula cha dereva na kondakta. Kisipobaki, wanakwenda nyumbani mikono mitupu. Hesabu isipotimia siku mbili tatu, gari hupewa mtu mwingine, na watu wengine wamejaa pale stegi, wale tunaowaita madereva wa skwodi, wakingoja mwenzao achoke ili wapate safari mbili tatu.

Tupige mfano, namba za kufikiria tu. Nauli ni shilingi 50, viti kumi na vinne, basi gari likijaa ni shilingi 700. Safari saba za kwanza ni za mafuta. Sita zinazofuata ni za tajiri. Ya kumi na nne ni ya stegi, ya chama cha magari, na ya wale wapokeao bila kutoa risiti. Safari ya kumi na tano ndiyo ya kwanza ya dereva na kondakta wake, na hiyo ni kama gari lilijaa kila mara, mvua haikunyesha, na barabara haikufungwa kwa ajili ya msafara wa mkubwa. Sasa mwendee dereva huyo saa kumi jioni, akiwa katika safari ya kumi na moja, umwambie apunguze mwendo. Atakusikia, maana masikio anayo. Lakini mguu wake umeshikwa na mtu asiyekuwamo garini.

Hii ndiyo sababu twasema kwamba Serikali kwa miaka mingi imefunga gavana mahali pasipofaa. Imeifunga kwenye injini, na mwendo hautoki kwenye injini.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Wazee wetu wakumbuka mabasi ya Kenya Bus Service, yaliyoanza Nairobi mwaka 1934. Mwaka 1966 Baraza la Jiji liliipa kampuni hiyo ruhusa ya peke yake, na Baraza likachukua robo ya hisa. Hatusemi ilikuwa kampuni ya malaika, la. Wafanyi kazi wake walipigania kila senti, na kama si vyama vya wafanyi kazi wasingepata kitu. Lakini dereva alikuwa na mshahara, alikuwa na zamu, na zamu ikiisha alimwachia mwenzake usukani akaenda kulala. Basi likienda tupu au likijaa, ugali wake nyumbani ulikuwa uleule. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kushindana na mwenzake mpaka stegi.

Lakini basi halikufika kila mahali, wala halikumtosha kila mtu. Mitaa ya maskini ilikua, na pick-up kuukuu zikaanza kuchukua watu kwa mapeni matatu, yaani senti thelathini, na hapo ndipo lilipotoka jina la matatu. Zilikuwa za wizi machoni pa sheria. Mwaka 1973 Rais Kenyatta akatangaza kwamba ziruhusiwe kuchukua abiria kwa nauli bila ile leseni ya mabasi. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana Mwafrika mwenye kipande cha gari alipata kula. Sisi hatulaumu tangazo lile. Twasema tu kwamba siku ile mlango ulifunguliwa kwa mwenye gari, na hakuna aliyekumbuka kuuliza habari za atakayeliendesha. Mwaka 1984 sheria ilipozitambua matatu na kuzitaka leseni na bima, mfanyi kazi alisahauliwa mara ya pili. Serikali yenyewe ilijaribu mabasi ya Nyayo tangu 1986, na katikati ya miaka ya 1990 hayo nayo yalikuwa yamekwisha, vyuma tu vilivyoegeshwa majanini. Habari ya Nyayo yataka ukurasa wake peke yake, tuiache.

Tuje kwa marehemu John Michuki. Huyu ni waziri ambaye Bunge la gereji humtaja kwa heshima mpaka leo, hata na wale aliowasumbua. Kanuni zake, Tangazo la Kisheria nambari 161 la mwaka 2003, zilianza kutiwa nguvu Februari 1, 2004. Mkanda kila kiti, gavana ya kilomita 80 kwa saa, utepe wa manjano, sare na beji, picha ya dereva mahali inapoonekana, na Nissan ya watu kumi na wanane ikawa ya kumi na wanne. Matajiri waliondoa magari barabarani, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na tulitembea wengi bila kulalamika sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza tuliona waziri asiyetikisika. Miezi ya kwanza ajali zilipungua. Sisi wa gereji tuliona kwa macho: magari yaliyobonyea yalikuwa machache, na tukapata kazi zaidi ya kufunga mikanda kuliko ya kunyosha mabati.

Sasa, ndugu, katika mambo aliyoyataka Michuki lilikuwamo jambo moja ambalo leo halisemwi. Wenye matatu walitakiwa kuwaajiri madereva na makondakta kazi ya kudumu, yenye mshahara wa mwezi. Mkanda ulifungwa, kwa kuwa mkanda waonekana. Utepe ulipakwa, kwa kuwa utepe waonekana. Mshahara hauonekani dirishani, basi haukulipwa. Hakuna matatu hata moja tuliyopata kusikia imenyimwa njia kwa sababu dereva wake hana barua ya kazi.

Na gavana ile tuliyofunga kwa fujo mwaka 2004, sisi wenyewe ndio tulioifungua. Tuseme kweli, maana ukurasa huu si wa kujisifu. Dereva alikuja jioni akasema gari halina nguvu mlimani, hesabu haitoki, tafadhali fundi, waya ule. Fundi naye hakuwa amelipwa wiki ile. Waya ulikatwa kwa bei ya chakula cha mchana, na asubuhi ya ukaguzi uliunganishwa tena. Tulijua tunalofanya. Dereva alijua. Mkaguzi naye, twaona, hakuwa mtoto. Kila mtu katika mstari ule alikuwa na watoto wa kulisha, na kila mmoja alichukua kidogo chake, na aliyekufa barabarani hakujulikana ni mzigo wa nani.

Tangu hapo sheria zimekuja kwa mtindo mmoja. Kwanza kunatokea msiba mkubwa. Halafu wakubwa wanafika na helikopta. Halafu amri mpya. Mwisho wa Desemba 2017, baada ya watu 36 kufa Migaa, karibu na Salgaa, mabasi yalikatazwa kusafiri usiku. Januari 2018 haikuisha kabla marufuku haijaondolewa. Oktoba 2018 zaidi ya watu 50 walikufa katika basi moja huko Fort Ternan; Novemba tukaambiwa sheria za Michuki zinarudi. Zilikuwa zimekwenda wapi? Hazikufutwa. Zilikuwa kabatini. Katikati ya hayo iliundwa mamlaka mpya ya usafiri, NTSA, kwa sheria ya mwaka 2012, na kanuni za 2014 zikataka kila matatu iwe chini ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na mwombaji wa leseni aonyeshe kwamba anazifuata sheria za kazi. Maneno mazuri kabisa. Na bado katika mwaka 2024 watu zaidi ya 4,700 walikufa katika barabara zetu, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu. Hao ni sisi. Ni mfanyi kazi anayetembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, saa kumi na mbili asubuhi, akienda zamu ya kwanza.

Twajua matajiri wa matatu watajibu nini, na si haki kuwanyamazisha. Watasema gari limenunuliwa kwa mkopo, na benki haingoji. Watasema bima imepanda na mafuta yamepanda. Na ni kweli, Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara peke yake uliongezwa kutoka shilingi 18 mpaka 25 kwa kila lita, na barabara mnaziona. Watasema wakimpa dereva mshahara ataficha nauli na kulala kivulini. Wengi wa matajiri hao si matajiri kwa kweli. Ni mwalimu mstaafu aliyetia pesa zake za uzeeni katika gari moja kuukuu, na akilia twamsikia. Lakini wako wengine pia. Imesemwa hadharani mara nyingi kwamba askari na wakubwa wa Serikali wana matatu zao barabarani. Mtu wa namna hiyo hukaa pande zote mbili za meza: asubuhi hutunga amri, jioni hupokea hesabu. Hatuwezi kutazamia kwamba atakuwa na haraka ya kuuliza habari za saa nane.

Jibu lililo gumu zaidi halitoki kwa matajiri. Latoka kwa madereva wenyewe. Tumewauliza, na wengi wametuambia wazi kwamba hawautaki mshahara. "Mwisho wa mwezi," alisema mmoja, "mshahara utakuwa kidogo, lakini siku nzuri mimi hupata zaidi kwa jioni moja." Hatumcheki. Anasema kweli kuhusu siku nzuri. Tulimwomba ahesabu na zile mbaya: siku za ukaguzi, siku gari limelala gereji, siku za maandamano, siku mtoto alipokuwa mgonjwa na skwodi akachukua nafasi. Alihesabu kwa vidole, akanyamaza, halafu akasema, "Lakini mwezi mzima nani atanikopesha?" Hapo ndipo penye shida. Dereva ameupenda uhuru wa mfukoni kwa sababu hajapata kuona mshahara wa haki katika kazi ile. Makuli wa Mombasa walipogoma mwaka 1955, nao walikuwako waliosema kibarua ni bora kwa sababu mtu huchagua siku zake. Waliozeeka bila kitu hawakusema hivyo baadaye.

Wala tusijitoe sisi abiria. Tunapokuwa tumechelewa, ni nani hupiga ubavu wa gari akisema, "Dereva, kanyaga twende"? Na gari likiwa limejaa, ni nani hukubali kuinama mlangoni kwa sababu nyuma yake hakuna jingine? Mfanyi kazi aliyekatwa nusu siku kwa kuchelewa dakika kumi ana hesabu yake mwenyewe mgongoni. Hesabu ya kiwanda husukuma hesabu ya matatu. Tuliwahi kusema katika ukurasa huu kwamba saa za kuanza kazi ni jambo la usalama barabarani, na watu wakacheka.

Sasa neno dogo juu ya siasa, kwa kuwa twaulizwa. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulileta kodi ya motokaa: asilimia mbili na nusu ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Kodi hiyo iliondolewa Juni, hata kabla ya Rais kukataa kutia sahihi mswada mzima baada ya vijana kujaa barabarani, na wengine wao hawakurudi nyumbani. Sisi tuliipinga, na twaeleza sababu ili isidhaniwe kwamba tunapinga kila kodi. Iliyotuudhi ni fikira iliyokuwa nyuma yake, kwamba mwenye motokaa ni mtu wa anasa. Aliyeiandika hajakaa gereji. Gari lenyewe ni Probox iliyokwisha tumiwa Japani miaka saba, maana sheria hairuhusu kuleta lililozidi minane. Linabeba nyanya Jumatatu, vitabu vya shule Jumanne, na Jumamosi maiti ya jirani. Tena ile namba ya mwisho tuiangalie vizuri. Mwenye gari la shilingi milioni nne angelipa laki moja, na mwenye gari la milioni ishirini angelipa laki hiyo hiyo. Gavana iliwekwa kwenye gari la mkubwa, ili kodi yake isikimbie sana!

Jambo hilo na jambo la matatu vyatoka chungu kimoja. Anayetunga sheria ya motokaa hulitazama gari kwa nje. Huona rangi, huona utepe, huona thamani. Hamwoni aliye ndani, mikono yake juu ya usukani tangu saa kumi alfajiri.

Kwa hiyo haya ndiyo maoni yetu, na tumeyapeleka kwa halmashauri ya chama ili yajadiliwe. Leseni ya njia isitolewe upya kwa chama cha magari au kampuni yoyote mpaka iwe imeonyesha barua za kazi za madereva na makondakta wake. Isiwe ahadi, iwe barua zenyewe, na malipo ya mwezi yaliyopita. Magari 30 chini ya paa moja yatosha kabisa kufanya zamu mbili. Hilo halikuwezekana wakati kila mtu alikuwa na gari lake na kitabu chake, lakini sasa lawezekana, na ndiyo faida moja kubwa ya kanuni za 2014 ambayo hakuna aliyeitumia. Mshahara wa mwezi uwe ndio msingi, na juu yake iwekwe ziada kwa safari, ili dereva mwenye bidii asione ameibiwa. Na askari akisimamisha gari, apewe kitabu cha zamu pamoja na leseni. Twajua kitabu kitaandikwa uongo siku ya kwanza. Leseni pia huandikwa uongo, na bado twazidai.

Twajua tena kwamba nauli huenda ikapanda kidogo. Mwaka 2004 ilipanda pia. Hatutawaficha wanachama jambo hilo, na wale watakaolipinga waje walipinge mkutanoni, si pembeni.

Tumalizie na kondakta wetu. Mpaka leo anatembea kwa magongo. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yataka kila mwajiri awe na bima kwa mtu aumiaye kazini, na Sheria ya Kazi ya mwaka huohuo yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofika mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mwezi. Lakini lazima kwanza aonyeshe kwamba aliajiriwa, na tajiri amesema hamjui. Tulipokwenda kumwona tulimwomba simu yake. Humo tulikuta kwamba kila jioni, siku sita kwa wiki na mara nyingine saba, alikuwa akimpelekea tajiri hesabu kwa M-Pesa. Ujumbe baada ya ujumbe, kiasi, tarehe na saa. Na kila jioni, katika simu ya tajiri, jina la mtu asiyemjua lilikuwa likitokea lote pamoja na namba yake.

Nakala za ujumbe huo ziko kwa katibu wa tawi, na shauri limeanza. Waliofanya kazi naye katika njia ile na wako tayari kutoa ushahidi waje ofisini jioni yoyote baada ya kazi. Na ninyi nyote mnaopeleka hesabu kwa simu, msiufute ujumbe hata mmoja. Mkibadili simu, andikeni kwanza katika daftari tarehe na kiasi, na mlete nakala kwetu tuwawekee.